Kununua Toyota IST si kuweka akiba: maoni yangu juu ya magari, siasa, lugha na pesa zetu za Lubumbashi

Mleta uzi (Bel-Air)

Jambo kwenu wote. Nimechoka kuandika majibu marefu kwenye makundi ya WhatsApp halafu yanazikwa chini ya picha za harusi, basi naweka yote hapa. Ni maoni yangu. Anayetaka kunipinga aje na hesabu, matusi ayaache nyumbani.

Hapa mjini mtu akipokea likelemba yake, yaani zamu yake ya upatu, au akilipwa haki zake baada ya kuacha kazi mgodini, ushauri anaopewa ni huo huo: nunua IST ya teksi, tafuta dereva, kula versema, ile pesa anayokuletea kila jioni. Mimi nasema gari la teksi ni kazi, tena kazi ya kuchosha. Akiba ni kitu kingine. Ukiugua mwezi mzima kiwanja chako kinakungoja pale pale. Gari halikungoji, linaliwa na dereva, na fundi, na barabara.

Sisemi watu ni wajinga. Wazee wetu walichezewa vibaya na pesa. Desemba 1979 serikali ya Mobutu iliziua noti za zaire 5 na zaire 10, watu wakapewa siku chache tu za kubadilisha, waliochelewa wakabaki na karatasi za kuwashia mbabula, jiko la makaa. Mwaka 1991 Bindo Promotion ikaanguka kule Kinshasa na akiba za maelfu ya watu waliokuwa wameahidiwa faida za ajabu. Mwaka 1993 zaire milioni 3 zikawa zaire mpya 1. Mwaka 1998 zaire mpya 100,000 zikawa faranga 1. Zidisha mwenyewe: faranga moja kwa zaire bilioni 300 za zamani! Mtu aliyekulia kwenye nyumba iliyopitia hayo ukimwambia habari ya kitabu cha benki anakuona unatafuta kumwibia. Anataka kitu cha chuma, funguo ziwe mfukoni mwake.

Kwa hiyo gari ndilo limekuwa benki ya mji huu. Na hapo ndipo siasa inapoingia, kwa sababu benki hiyo ina usukani upande usiofaa.

Kongo tunaendesha kulia. Magari yetu ya Katanga yanatoka Japani kwa meli hadi Dar es Salaam, yanapita mpaka wa Tunduma na Nakonde, Kapiri Mposhi ya Zambia, halafu Kasumbalesa mpakani mwetu, karibu kilometa 2,000 za lami na mashimo. Usukani uko kulia, sawa kabisa kwa Mtanzania na Mzambia wanaoendesha kushoto. Kwetu ni hatari ya kila siku. Angalia Hiace: mlango wa abiria uko ubavu wa kushoto, maana yake mama mwenye mtoto mgongoni anashukia katikati ya barabara, magari yakimpita. Angalia taa usiku: zimetengenezwa zimulike zaidi upande wa kushoto, yaani zinampiga machoni anayekuja mbele yako. Na ukitaka kulipita lori la shaba kwenye njia ya Likasi, lazima utoe nusu ya gari nje ndipo uone kama kuna mwingine anakuja. Wengine wanamwuliza abiria wa mbele: "Kuko mutu?" Abiria ndiye jicho la dereva.

Serikali imeshatangaza marufuku ya magari haya, tena si mara moja, na kila mara tangazo likafia redioni. Mimi naunga mkono marufuku. Ndiyo, nimesema. Lakini ianzie kwenye Hiace za abiria, na ianze na tarehe ya mbele inayojulikana, si askari kuamka asubuhi na kukamata. Waziri aliye Kinshasa, mji unaopata magari yake kupitia Matadi, mengi yakiwa yametumika Ulaya na usukani kushoto, hawezi kujua uzito wa neno lake huku. Huku ameshika akiba ya watu.

Siasa nyingine mnazopigania kwenye simu, nani aligombea na nani na nani kaibiwa, sitaziingia leo. Swali langu ni moja. Katiba ya 2006, ibara ya 175, inasema asilimia 40 ya mapato ya kitaifa ni ya mikoa, na inakatwa pale pale yanapopatikana kabla ya kwenda Kinshasa. Kanuni ya madini ya 2018 ikagawa mrabaha: asilimia 50 kwa serikali kuu, 25 kwa mkoa, 15 kwa komini au sekta, yaani serikali ya chini yenye mgodi, 10 kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Mwaka 2024 nchi hii ilitoa zaidi ya tani milioni 3 za shaba, karibu zote kutoka Haut-Katanga na Lualaba. Mwanasiasa akija kuomba kura Lubumbashi, mimi simwulizi kabila lake wala chama chake. Namwuliza ile 40 iko wapi, na 15 ya komini yangu imetengeneza barabara ipi. Kama hana jibu, apite salama.

Mwisho, lugha. Biashara yote hii ya magari inafanyika kwa Kiswahili, kutoka bandarini Dar hadi kwa fundi wa Katuba. Karatasi zote ziko kwa Kifaransa. Mtu anaweka sahihi mkataba wa bima asioweza kusoma. Nataka watoto wetu wafundishwe Kiswahili sanifu shuleni kwa bidii ile ile ya Kifaransa, kwa sababu soko letu liko mashariki. Tumeingia Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu 2022. Kiswahili cha mtaani peke yake hakitatufikisha.

Haya, nipigeni.

Mama Ruashi

Papa, umeandika vizuri, ila umeomba hesabu na wewe mwenyewe hujaweka hata moja. Nikusaidie, maana mimi nina teksi na sijalala njaa.

Tuseme gari limekugharimu dola 6,000 mpaka lina namba na karatasi zote. Dereva anakuletea 20 kwa siku, siku sita kwa wiki. Ni karibu 480 kwa mwezi. Usihesabu miezi yote 24, hesabu 20, hiyo mingine liko garaji. Ni 9,600. Toa 80 kila mwezi za oili, matairi na amortisa (shokapu) kwa miezi 24: 1,920. Toa 40 za karatasi na askari, 960. Imebaki 6,720. Baada ya miaka miwili uliuze hata 3,000. Umeingiza 6,000, umetoka na 9,720. Nionyeshe benki ya hapa itakayonipa hivyo.

Na jambo lingine ambalo wanaume wa Bel-Air hamlijui. Mwaka 2025 faranga ilipopanda mbele ya dola, sisi tunaopokea versema kwa faranga tulicheka. Aliyeandikiana na dereva kwa dola, dereva ndiye aliyecheka. Kwenye gari kuna akili, Papa. Siyo kulala.

Mwana Kenya

Kenya ya hapa, komini ya Lubumbashi, si ya Nairobi, kabla hamujaanza.

Yaya, pa motoka uko na haki. Pa luga, apana. Unaita "Kiswahili ya mutaani" sawa vile iko kitu ya haya. Bankambo betu balikuya huku kutoka Kasai, Rwanda, Zambia, Angola, Union Minière ikabatia mu makambi, kila mutu na luga yake. Ni hii Kiswahili ndiyo ilibasikilizanisha. Nyumba iko na baba Muluba na mama Mubemba, batoto banasema nini? Hii hii. Sasa weye unataka mwalimu akuye kupiga mutoto juu alisema "beko" pa fasi ya "wako"?

Batu ba Dar bakitucheka, bacheke. Franga yetu hawaichekake.

Mleta uzi (Bel-Air)

Mama Ruashi, aksanti, hii ndiyo hesabu niliyokuwa naingoja. Sibishani na namba zako. Nabishana na jina unaloipa ile 3,720. Mama, nani anamfuata dereva saa kumi na mbili jioni? Nani anakaa garajini jua kali kuhakikisha fundi hatoi alternata nzima na kuweka mbovu? Nani anaenda kituo cha polisi gari likikamatwa? Ni wewe. Basi ile ni mshahara wako, kama dola 155 kwa mwezi, na kwa mshahara huo mtaji wako wote umewekwa rehani. Gari likigongwa na lori siku ya pili, bima ya lazima inamlipa yule uliyemuumiza. Chuma chako ni hasara yako, isipokuwa umelipia bima kubwa, na hujaihesabu. Sheria ya 2015 ilivunja ukiritimba wa SONAS, kampuni ya bima ya serikali, uliokuwepo tangu 1967, kampuni binafsi zikapata vibali 2019, kwa hiyo siku hizi unaweza kuuliza bei sehemu zaidi ya moja. Wangapi wanauliza?

Mwana Kenya, mdogo wangu, sijasema mtoto apigwe. Nyumbani kwangu tunasema hivyo hivyo unavyosema wewe. Lakini barua ya kudai mzigo bandarini huiandiki hivyo.

Wakala wa Tunduma

Niko upande wa Tanzania, nahudumia magari ya Kongo kila wiki. Niwaambie kitu kwa nia njema: hapa hakuna anayewacheka. Mkongomani anayeongea Kiswahili, kiwe cha namna yoyote, anamaliza mambo yake mwenyewe. Yule anayekuja na Kifaransa peke yake anapewa kijana wa kumsindikiza, na kijana hali hewa. Tofauti ninayoiona ipo kwenye maandishi. Mteja anatuma ujumbe wa sauti wa dakika nne, mimi nataka mstari mmoja: namba ya chesisi, jina kamili la mpokeaji, mpaka atakaotokea. Hapo mleta uzi yuko sahihi.

Wa Kalubwe

Nimefanya kazi za karatasi za ardhi kwa muda, naomba nimharibie mleta uzi starehe yake. "Kiwanja kinakungoja pale pale." Kinakungoja na nani? Lubumbashi hii kiwanja kimoja kinauzwa kwa watu watatu, na wote watatu wana karatasi yenye muhuri.

Sheria ya ardhi ni ya 20 Julai 1973. Ardhi ni mali ya dola. Raia anapewa haki ya kuitumia, ya kudumu kwa Mkongomani. Haki hiyo inathibitishwa na cheti cha usajili kinachotolewa na mhifadhi wa hati za ardhi. Karatasi ya shefu wa kartie (mkuu wa mtaa), karatasi ya kuuziana mbele ya mashahidi, hata ile yenye picha ya muuzaji akishika pesa, zote ni hatua za njiani. Na kuna jambo ambalo wanunuzi wengi hawalijui: cheti kikishatimiza miaka miwili bila kushambuliwa mahakamani, hakitikisiki tena. Aliyedhulumiwa anaweza kudai fidia, kiwanja hakirudi. Kwa hiyo anayelala miaka miwili kwa raha kwa sababu "kiwanja hakili" anaweza kuamka na kukuta mwenzake ameshasajili.

Kabla hujalipa nenda ofisi ya ardhi ya eneo husika, ulizia kwa namba ya kadasta (namba ya kiwanja kwenye ramani), siyo kwa jina la muuzaji. Halafu zungumza na majirani wa pande zote. Majirani wanajua kesi ambazo ofisi bado haijaziandika.

Mama Ruashi

Asante Wa Kalubwe. Papa wa Bel-Air, unasikia?

Dereva wa njia ya Kasumbalesa

Mnazungumza teksi, mimi nizungumze malori, maana kuna watu wanauza IST tatu ili waingie ubia wa lori moja wakidhani huko ndiko kuna pesa kubwa. Iko pesa. Lakini Februari 2025 serikali ilisimamisha kuuza kobalti nje, na vizuizi havikulegezwa mpaka Oktoba, ulipoanza mfumo wa mgao: tani 18,125 kwa miezi iliyobaki ya mwaka ule, kisha 96,600 kwa mwaka 2026. Mimi siilaumu serikali kwa hilo, bei ya kobalti ilikuwa imelala chini kabisa na sisi ndio tunaotoa zaidi ya asilimia 70 ya dunia. Ila mwenye lori lililozoea kubeba kobalti, mkopo wake haukusimamishwa. Shaba iliendelea, basi wote wakakimbilia shaba, na bei ya kubeba ikashuka.

Agosti 2024 tulizuia bia na vinywaji vya Zambia visiingie, Zambia ikafunga mpaka siku chache. Foleni mnaijua. Mtu aliyekuwa na gari lake njiani kutoka Dar alikaa upande wa pili analipia maegesho kwa sababu ya bia asiyokunywa.

Kuhusu usukani: hata marufuku ikija, sisi wa malori yetu ni ya pande zote mbili, kuna ya kulia na ya kushoto kwenye foleni moja. Ajali nyingi ninazoziona usiku ni uchovu na taa mbovu. Usukani unafuata.

Mwana Kenya

"Bia asiyokunywa" 😂 Mukubwa, uyo mutu eko wapi mu Lubumbashi?

Msomaji wa Goma

Nawasoma kutoka huku. Mleta uzi anashangaa watu kukataa benki. Goma benki za biashara zilifungwa Januari 2025, vita vilipoingia mjini. Mwenye akiba kwenye akaunti alibaki akiitazama kwenye simu, na kuitoa kwa wakala wa pesa za simu kunamkata kipande kila mara. Jirani yangu mwenye pikipiki mbili aliendelea kula. Mwenye kiwanja hakuweza kumuuzia mtu. Sisemi mko sawa au hamko sawa, nasema kila mji na hofu yake, na akiba inafuata hofu.

Mleta uzi (Bel-Air)

Msomaji wa Goma, pole sana, na sina la kubisha hapo. Kwenu kitu kinachotembea ndicho kinachookoa.

Kwa Lubumbashi bado nashikilia neno langu, ila Wa Kalubwe amenipunguzia sauti: kiwanja chenye cheti, siyo kiwanja tu. Na wale wanaouliza "basi tuweke wapi", soko la hisa hatuna. Kuna hati fungani za hazina, serikali ilizirudisha 2019, zinapigwa mnada na unazinunua kupitia benki. Zipo za faranga na zipo za dola. Najua mtakachosema: nimkopeshe huyo huyo aliyeua noti? Ni swali zuri. Jibu langu ni kwamba zina muda mfupi na tarehe ya kulipwa imeandikwa, na tunaweza kumtazama anavyolipa kabla ya kumpa zaidi. Mimi nisingeweka zote. Nisingeweka zote kwenye IST pia, wala zote kwa kambisti, mbadilisha pesa wa pembeni ya barabara, hata kama ni rafiki yako tangu utoto.

Na sijasikia mtu hata mmoja akijibu kuhusu asilimia 40. Magari mmeyajibu, lugha mmeijibu. Pesa ya mkoa kimya.

Mwana Kenya

Yaya, ile 40 tulianza kuingojea tangu Katanga iko moya. 2015 bakaikata mikoa ine, sasa tuko tunaingojea bine. Katumbi alikuwa guvernere 2007 mpaka 2015, barabara zilionekana, kila mutu aliona. Bengine banasema ni yeye, bengine banasema ni bei ya shaba ilikuwa juu. Miye nasema ni byote bibili. Lakini siku izi bei ya shaba iko juu tena, basi tuangalie barabara.

Dereva wa njia ya Kasumbalesa

Tunaangalia. Peaji, ushuru wa barabara, tunalipa kila safari, mashimo tunayajua kwa majina.

Mgeni wa uzi

Nimesoma yote. Nimeshaamua, samahani mleta uzi, nataka IST ya teksi, nitaendesha mwenyewe mwaka wa kwanza ili nisiwe na habari za versema. Fundi yeyote anisaidie: nichukue ya zamani au ile ya umbo jipya?

Fundi wa Katuba

Kuendesha mwenyewe umefanya vizuri, nusu ya ugomvi wa uzi huu umeisha.

Kwa teksi ya hapa chukua ile ya kwanza, ya 2002 hadi 2007, NCP60 ni injini ya 1.3 na NCP61 ni ya 1.5. Giaboksi yake ni otomatiki ya kawaida ya gia nne, fundi yeyote wa mji anaijua na spea ziko kila kona. Ya umbo jipya ni nzuri, imetulia barabarani, lakini nyingi zina CVT, giaboksi isiyo na gia za hatua. CVT inataka oili yake maalumu, na hapa watu wanamimina oili ya giaboksi ya kawaida kwa sababu ni rahisi. Inatembea vizuri miezi michache, halafu inaanza kulia, na huko hakuna kutengeneza, ni kubadilisha nzima.

Mwambie wakala akutumie karatasi ya mnada wa Japani kabla ya kulipa. Ukiona R au RA mahali pa gredi, gari lilishagongwa na kunyooshwa. Si lazima uliache, ila bei ishuke na ulitazame chini, kwenye chesisi za mbele. Saa ya kilometa usiiamini, amini karatasi, na amini raba ya pedali ya breki. Raba iliyolika laini kabisa na saa inasema 70,000, kuna aliyerudisha saa.

Likifika, kabla hujatoka nalo usiku, lipeleke kwa anayejua taa azishushe na kuzigeuzia upande wetu kadiri zinavyokubali. Baadhi hazikubali vizuri, inabidi ununue taa za magari ya Ulaya. Watu wanapaka rangi au kubandika plasta, mimi siipendi kazi hiyo, lakini ni bora kuliko kumpofusha mwenzako pale njia ya Likasi.

Na uje na fundi wako mwenyewe kulikagua, usimwamini fundi wa muuzaji. Mimi mwenyewe nimeshakuwa fundi wa muuzaji.